Redio ya Mkononi ya Baba Mkwe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Sijaandika ili mcheke, wala ili mnionee huruma. Kila mmoja wenu ana simu mfukoni, anaongea nayo akitembea, akila, hata akiwa chooni, na hajui kwamba zamani palikuwa na watu waliopewa mashine ya kusemea wakafa wameishika. Mmoja wao alikuwa baba wa mume wangu. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kusikia sauti yake. Na kuna jambo nililijua ambalo kama ningelisema mapema, yule mzee pengine angepona. Hilo ndilo ninaloandika, mengine ni ya kuwafikisha hapo tu.

Nilizaliwa karibu na Kolandoto. Nilisoma misheni miaka miwili, nikajua kusoma na kuandika jina langu, baba akasema inatosha. Kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Mume wangu alikwenda vita ya Wazungu na Wajapani, huko Burma, akarudi mzima wa viungo. Huko alibebeshwa redio mgongoni, na ilipoharibika mzungu wake alimfundisha kuifungua, maana mzungu mwenyewe alikuwa anatetemeka kwa homa na hakuwepo mwingine wa kushika bisibisi. Aliporudi akanioa, tukakaa kwao, upande wa Shinyanga, tukilima pamba na mtama. Baada ya miaka michache akasikia kwamba mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita unatafuta mtu anayejua redio. Tukapanda lori na mtoto wetu wa kwanza, na wa pili tumboni.

Mgodi ule ulikuwa umenunua redio sita za mkononi, mabaki ya vita. Msizifikirie kama simu zenu. Kila moja ilikuwa ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, na ukiishika muda mrefu bega linauma. Ukiivuta antena inawaka, ukiirudisha ndani inazimika. Ubavuni ilikuwa na kitufe. Ukikibonyeza unasema wewe na husikii kitu. Ukikiachia unamsikia mwenzio. Kusema wawili kwa pamoja, hapana. Ndani mlikuwa na vichupa vitano vya kioo vyenye nyuzi, na betri mbili kubwa ambazo watu wa kambini waliziita mawe.

Nne walikuwa nazo walinzi: getini, kwenye ghala la baruti, kwenye ghala la vyuma, na bwawani. Moja ilikaa karakana, na moja ilikuwa ya akiba.

Mume wangu alipewa kibanda cha mabati nyuma ya karakana. Pasi yake ya kulehemu ilikuwa kipande cha shaba chenye mpini, aliipasha moto kwenye jiko la mkaa, na aliyepuliza mkaa ni mimi. Kila siku mchana nilimpelekea chakula, nikakaa, nikapuliza. Nilimwona anavyofanya kazi. Redio ikiletwa, kwanza aliinusa. Kichupa kilichoungua kina harufu yake. Halafu aliigonga kwa ukucha, akaitega sikio, akagonga tena. Jasho la mashavu ya walinzi lilikuwa linaingia pale pa kusemea, linaotesha kutu kwenye vile vyuma vidogo vinavyogusana na betri. Alivisafisha kwa unyoya wa kuku aliouchovya kwenye spiriti. Unyoya ulitoka kwa kuku wangu, na hakutaka wa bawa, alitaka wa kifuani.

Akishamaliza, lazima ijaribiwe mbali. Hapo alinituma mimi. Nyuma ya kambi palikuwa na kilima cha mawe ambako wanawake tulichanja kuni. Nilipanda na redio ndani ya kanga, nikifika juu naivuta antena.

"Sema kitu," ananiambia.

"Niseme nini?"

"Hesabu kuni zako."

"Sina kuni. Umenipa mzigo mwingine."

"Basi nitukane, nisikie kama inakwaruza."

Nilicheka peke yangu juu ya mawe kama mwehu. Mume wangu mbele za watu hakuwa mtu wa maneno, wala mimi. Lakini kwenye ile redio tuliongea. Ananiambia, "Usishikilie kitufe, mama watoto. Kusikiliza kunakula betri kidogo. Kusema ndiko kunakoila." Nikawa nabonyeza, nasema neno, naachia.

Mwaka wa pili wetu pale, ng'ombe wa baba mkwe walikufa kwa maradhi, wakaisha wote. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mzee akabaki na zizi tupu. Mume wangu akamwombea kazi ya ulinzi, akapewa bwawani, mahali ambapo pampu ilivuta maji ya kuoshea mawe ya dhahabu. Ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, kwa gari hata dakika kumi hazifiki.

Alipopewa redio mara ya kwanza alikataa kuisemea. "Nitamsalimuje mtu nisiyemwona?" aliuliza, na aliuliza kweli, hakuwa anatania. Mwanawe akasimama upande wa pili wa mti na redio nyingine, akamsalimu kupitia humo. Mzee akaitika. Kuanzia siku ile hakunyamaza.

Sasa sikilizeni. Msukuma hamwambii mtu neno kabla ya kumsalimu, na salamu yetu si neno moja. Asubuhi nilipopita kibandani kuwasha mkaa niliwasikia. Mzee anaanza: "Mwangaluka." Wa ghala la baruti anaitika: "Mwangaluka, baba." "Mhola?" Yaani ni salama. "Mhola duhu." Ni salama tu. Umelalaje, watoto wamelalaje, nyumbani umesikia habari gani, mvua imenyesha huko kwenu, ng'ombe wa kaka yako wamepona. Kila swali linabonyezewa kitufe, na kila jibu linabonyezewa kitufe. Akimaliza na huyu anaanza na yule wa vyuma. Kijana hawezi kumkata mzee. Mchana wanaanza upya, maana salamu ya mchana ni nyingine. Mimi ilinipendeza. Mzee aliyepoteza ng'ombe na mke alikuwa amepata watu wa kusalimiana nao.

Betri zikaanza kufa.

Zililetwa kwa lori kutoka Mwanza mara moja kwa mwezi, nazo zilitakiwa zifike mwezi mwingine. Zikawa zinakwisha wiki ya pili. Mzungu wa karakana akamwita mume wangu. "Redio zako zinavuja," akamwambia. "Unazifunga vibaya. Kama huziwezi, sema." Mume wangu akalimeza lile neno kama alivyolipewa. Akazifungua zote sita, moja baada ya nyingine. Akavua vichupa, akabadilisha hiki na kile. Akalehemu upya nyaya ambazo hazikuwa na kosa. Akasugua vyuma kwa unyoya mpaka kuku wangu wakabaki vifua wazi. Akinirudia jioni macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa risasi ya kulehemia.

Mlinzi wa getini alikuwa Mzaramo, mtani wetu. Siku moja alikuja kuchukua redio yake akaketi juu ya debe.

"Fundi, ugonjwa wake mimi naujua," akasema. "Ni Usukuma. Humu hewani mko Wasukuma watatu na mimi mmoja. Mkianza kuulizana habari za ng'ombe, hata jua linachoka."

"Na wewe ukianza kula," mume wangu akamjibu, "hata sufuria inachoka."

"Sufuria ya nani? Mkeo hajawahi kunikaribisha."

"Nikukaribishe tule nini mimi na wanangu?" nikasema.

Wakacheka, nikacheka nao. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu niliona kwamba amesema kweli tupu. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshainamia redio, anatafuta kosa ndani ya chuma. Neno la mtani halichukuliwi kama neno, linachekewa na kuachwa hapo hapo.

Mimi sikuliacha. Usiku ule na zilizofuata nililibeba. Kila nilipotaka kumwambia, niliona jinsi litakavyotoka: baba yako ndiye anayeua betri zako. Mkamwana amshitaki baba mkwe kwa kosa gani, kwa kosa la kusalimu? Na mimi ni nani nimfundishe fundi kazi yake, mimi mpuliza mkaa? Nilisema moyoni kwamba ataliona mwenyewe. Zikapita wiki, mwezi ukapita, lori likaja, betri zikafa tena. Nikanyamaza. Nawaambia waziwazi kwamba haikuwa heshima peke yake. Nilikuwa naogopa kusemwa.

Mwezi wa tatu wa tabu ile zilibaki betri nzima za redio tatu, na lori bado wiki mbili. Mume wangu akazigawa: geti, ghala la baruti, ghala la vyuma. Bwawani kuna maji na chura, alisema, nani ataiba maji. Lakini mimi najua kilichokuwa moyoni mwake. Hakutaka watu waseme fundi anampendelea baba yake. Ya karakana ilibaki na zake zilizofika nusu, na ya bwawani ikapewa betri zilizokwisha kutumika. Tulizianika juani kwanza, maana betri iliyochoka ukiianika inapata nguvu kidogo. Nilizipanga mimi juu ya bati la kibanda, nikazigeuza mimi, kama mihogo.

Siku hiyo nilipeleka ugali na mlenda. Hatukuwa tumemaliza kunawa, akaja mtu kutoka getini kusema antena ya Mzaramo imekatika. Mume wangu akala matonge mawili, akachukua mkoba.

"Kaa hapa," akaniambia. "Akiita mtu, mjibu. Mwambie nimekwenda getini, narudi."

Sikuwahi kuachiwa redio ya karakana kabla ya hapo. Niliiweka juu ya meza antena ikiwa nje, nikaendelea kuchambua maharage.

Ikakwaruza. "Mwadila."

Nilimjua kwa neno hilo moja, salamu yetu ya mchana. Niliichukua redio, nikapiga magoti sakafuni kama ninavyomsalimu siku zote, ndipo nikabonyeza.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mhola?" Mayu ni mama, ndivyo alivyoniita.

"Mhola duhu, baba."

"Watoto?"

"Mhola."

"Wamekula?"

"Wamekula, baba. Na huko bwawani?"

"Mhola."

Alisema mhola. Nimelirudia neno hilo kichwani miaka hii yote, na kila nikilirudia analisema vilevile, polepole, kama mtu anayepanda mlima. Kila baada ya neno palikuwa na kimya kirefu kabla ya lingine. Nikajiambia ni zile betri nilizoanika. Sikumwuliza, baba, mbona sauti yako hivyo? Mkamwana hamhoji baba mkwe.

"Mwenzio yupo?" akauliza.

"Amekwenda getini, baba. Anarudi sasa hivi."

Kimya. Halafu, "Mayu."

"Abee, baba."

"Akirudi, mwambie..."

Ikatoa sauti kama mafuta yanayokaanga, kisha hata sauti hiyo ikaondoka. Nilibonyeza nikaita. Niliachia nikasikiliza. Nikaita tena. Nikasema, imekufa kama siku zote. Nikairudisha antena ndani ili nisimalizie na betri za karakana, nikainuka, nikarudi kwenye maharage yangu. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Siongezi wala sipunguzi.

Mume wangu alirudi baada ya muda wa maharage kuiva kama yangekuwa jikoni.

"Kuna aliyeita?"

"Baba amekusalimu. Betri ikafa katikati."

"Alitaka nini?"

"Hakusema. Alikuwa bado anasalimu."

Akatabasamu kidogo. "Mzee huyu," akasema. Akamalizia ugali uliopoa. Pasi ilikuwa ya moto, akaona asipoteze mkaa, akalehemu waya mmoja wa redio ya akiba. Kisha akatoa betri za redio yake mwenyewe, ile ya karakana, akaziweka mkobani. "Nampelekea hizi," akasema, "yule asipoongea ataugua." Akaenda kwa miguu.

Alimkuta ameketi ameegemea ukuta wa kibanda cha pampu. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Mkanda wake ulikuwa umenasa shuka la mzee ukamvuta, ukamchana paja. Alijikokota mpaka ukutani, akajifunga mkanda wa suruali juu ya kidonda, lakini mikono ya mzee haikuwa na nguvu ya kukaza. Ardhi chini yake ilikuwa imelowa mpaka imekuwa tope. Redio ilikuwa mapajani, antena nje, kidole gumba juu ya kitufe. Mwili ulikuwa bado na joto.

Kambini palikuwa na dresa, mfunga vidonda, na lori lilikuwa limesimama pale pale karakana mchana kutwa, hatua ishirini kutoka nilipokuwa nachambua maharage. Dresa alimwangalia mzee akatikisa kichwa. "Angesema tu nimeumia," akasema. "Neno moja. Kwa nini hakusema?"

Wote walinitazama, maana mimi ndiye niliyeongea naye. Dresa alikuwa mtu wa mbali, ningemweleza nini? Mzee alianza kwa salamu kwa sababu hakujua njia nyingine ya kuanza. Na alipomaliza salamu akakuta anaongea na mke wa mwanawe, naye ameumia paja. Atamtajia mkamwana paja? Alikuwa anamsubiri mwanawe. Alikuwa ameketi pale, damu inamtoka, ananiuliza kama watoto wamekula.

Tulimrudisha Shinyanga kwa lori, tukamzika karibu na zizi lake. Matanga yalipokwisha tukarudi mgodini, kwa kuwa tulikuwa na watoto wa kulisha.

Mume wangu akaiweka redio ile mezani. Mzungu hakumtuma, alijituma mwenyewe. Akaifungua, akainusa, akaigonga. Akaitia betri mpya zilizokuja na lori, ikasema safi kama maji. Akaifungua tena. Siku tatu. Alikuwa anatafuta ndani ya chuma kile kitu kilichomuua baba yake, na mimi nimesimama nyuma yake na kipepeo cha mkaa. Siku ya tatu nikakiweka chini.

"Haina kosa," nikamwambia. "Hakuna hata moja yenye kosa. Ni salamu. Yule Mzaramo alisema kweli."

Hakugeuka. "Umejua leo?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile aliposema. Na kabla ya hapo nilikuwa nawasikia."

Aliishika bisibisi kwa muda, akaiangalia ncha yake. Nilingoja anipige, na ningeona ni haki. Hakunipiga. Akaanza kurudisha skrubu za ile redio, moja moja, mpaka zikaisha. Kisha akasema, "Mimi nilimpa zilizokwisha. Wewe ulinyamaza. Basi." Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa yeye mwenyewe.

Kazi aliendelea nayo, na redio ziliendelea kuharibika na kutengenezwa. Mkaa nilipuliza. Lakini hakunituma tena kilimani. Alikuwa anazijaribu na Mzaramo wa getini, wanahesabu moja mpaka kumi, basi. Na mimi nilipopanda kuchanja kuni, mawe yale yalikuwa mawe tu.

Sisemi salamu ni mbaya. Anayesema hivyo katika ninyi sitaki aingie kwangu. Mzee yule alikuwa mtu kamili, na alikufa akiwa mtu kamili. Nasema yangu mimi.

Mwaka ule ule, kabla ya mavuno, binti yetu wa kwanza alikuwa ameshafikia umri wa kutumwa dukani. Tulikuwa tumeketi nje, mimi na baba yake. Akaja, akapiga magoti mbele ya baba yake kama nilivyomfundisha, mkono wa kushoto ameuweka nyuma. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Akanigeukia. "Shikamoo, mama." Nikaona vumbi nyuma yake lina matone. Nikamvuta mkono. Kipande cha chupa kilikuwa kimezama kiganjani, damu imefika kiwikoni, na mtoto amekaza meno anangoja nimwitikie.

Mume wangu akasimama. Akanitazama, mara ya kwanza kunitazama hivyo tangu siku ile ya bisibisi. Nilimfunga mtoto kwa upindo wa kanga. Nikawaita wote, watoto, mdogo wangu aliyekuwa anakaa nasi, na msichana wa jirani aliyekuwa anatwanga pale, nikasema mume wangu akisikia, wala hakunipinga:

"Kuanzia leo, katika nyumba hii, mwenye shida ataitaja shida kwanza. Ataitaja amesimama, ataitaja kwa jina lake, iwe paja, iwe tumbo, iwe nini, na amtajie yeyote atakayemkuta, hata akiwa ni mkwe wake. Tukishamfunga kidonda, ndipo apige magoti asalimu."